Sefu ya hoteli Nairobi: bora isingefunguka

Wallahi nilikuwa nimeazimia kuwapa nyota tano. Shuka safi, maji ya moto ya kweli, na chumba kilichoelekea uani, kwa hiyo honi za matatu za barabara ya Tom Mboya zilinifikia kwa mbali tu. Na ndani ya kabati, sefu. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, makao yangu Mombasa, kazi hunileta Nairobi kila mara, na laptopu yangu imebeba mishahara ya watu, namba zao za kodi za KRA na akaunti zao za benki. Nikiingia chumba cha hoteli, sefu ndiyo naitazama kwanza. Kitanda baadaye.

Wa hapa mjini watauliza kwa nini nisitembee na begi langu. Jamani, nyinyi wenyewe mchana kweupe mnabeba mabegi ya mgongoni kifuani, mkiyakumbatia, halafu mimi mgeni nishuke na laptopu usiku kutafuta wali? Naizima, naifungia, nashuka mikono mitupu. Ndiyo kazi ya sefu.

Sasa siku ya kuondoka. Treni yangu ilikuwa ya alasiri, kutoka Syokimau, na anayeijua stesheni ile anajua huwezi kufika dakika za mwisho: mabegi yanapangwa chini kwa mstari, mbwa wanapita wakinusa, halafu kuna mashine za ukaguzi. Kwa hiyo mapema kabisa nikabonyeza namba zangu. Kimya. Nikabonyeza tena, taa ndogo nyekundu ikakonyeza mara moja, ikafa. Betri. Zile ndogo za kutia kwenye rimoti, zinazouzwa kila kibanda!

Nikashuka mapokezi. Binti wa pale alikuwa na simu yake, na simu ilikuwa na mambo matamu kuliko mimi. Nikauliza ufunguo wa dharura. “Uko na supavaiza.” Supavaiza yuko wapi? “Shifti yake iliisha, ameenda Rongai.” Na ufunguo je? “Ameenda nao.”

Nikavuta pumzi. Nikamwambia, dadangu, nina treni, na kompyuta ya kazi imo mle ndani. Hapo ndipo aliponiinulia macho, akasema kwa sauti ile ya kumfunza mtoto kufunga viatu: “Lakini madam, sefu ni ya pasipoti na pesa. Nani alikuambia uweke laptopu?”

Nani aliniambia! Nyuma ya mlango wa chumba wamebandika karatasi: vitu vya thamani viwekwe kwenye sefu, hoteli haitawajibika kwa kitakachopotea chumbani. Laptopu si kitu cha thamani? Waliponunua sefu inayoimeza laptopu nzima walidhani wageni wana pasipoti za ukubwa gani? Nilimjibu, na majibu yangu siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma. Betri kuisha ningesamehe. Hilo la nani aliniambia sijalisamehe mpaka leo, na kila nikilikumbuka hata zile shuka naziona zilikuwa na madoa.

Akaitwa fundi. Kijana mpole, mkono mmoja una chai. “Shikamoo mama, pole.” Akatoa betri mpya mfukoni, akaziweka upande wa nje pale zinapokaa, kisha akabonyeza namba moja ile ile mara sita. Tii! Mlango ukafunguka.

Nikasahau treni. Nikamuuliza, kijana wangu, hizo si namba zangu. “Hapana mama, ni za kiwandani. Ukisahau zako, hizi zinafungua.” Zinafungua hii? “Zote.” Orofa hii? “Hoteli yote, mama.” Akasema kwa fahari kabisa, akanywa chai yake.

Yaani usiku wote ule nilipokuwa nikila kwa raha, kompyuta yangu ilikuwa nyuma ya mlango ambao yeyote aliyewahi kufanya kazi pale anaufungua. Nikaishika ile sefu kwa mikono miwili na kuitikisa: ikacheza. Skrubu mbili zimeishikilia kwenye mbao za kabati, basi. Mwizi mvivu asiyetaka kubonyeza angeibeba nzima.

Treni niliipata, baada ya kumlipa dereva apite barabara ya juu ya kulipia. Njiani nikaanza kuwaza kama mkaguzi. Diski yangu imesimbwa kwa BitLocker, ile programu ya Windows ya kufunga data isisomeke, ufunguo wa kuirejesha haukai kwenye begi, na laptopu huwa naizima kabisa, siilazi tu, kwa sababu ikilala funguo za usimbaji hubaki kwenye kumbukumbu yake. Aliyeiiba angepata chuma. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa anayetunza data za watu saa 72 tangu ajue kuwa data imevuja amwarifu Kamishna wa Data. Tangu ajue! Laptopu ikiibwa utajua. Ikitolewa, ikachezewa, ikarudishwa pale pale na mlango ukafungwa, utajulia wapi?

Waya wa kufuli ningeutumia, ila laptopu nyembamba kama yangu haina hata tundu la kuuchomeka. Kwa hiyo siku hizi nikilala Nairobi chakula naagiza chumbani, nikilipia zaidi, na kompyuta iko chini ya mto. Ndiyo, hata hapo pale pale. Nimerudi, msinicheke, ni karibu na mteja, na maji ya moto Nairobi mwezi wa Julai si mchezo.

Yule fundi peke yake ningempa tano, ingawa katika jengo lile ndiye mtu wa kuogopwa kuliko wote.

Meneja alinipigia simu baadaye, sauti ya asali, akasema betri zimebadilishwa vyumba vyote. Nikamuuliza, na zile namba za kiwandani mmezibadilisha? Akasema hilo ni la supavaiza.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu hapa. Nimefuta mbili.