Kempa ya kukodi kwenye baridi ya Kabale na Kisoro: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa wenye haraka: gari lenyewe zuri, kitanda cha kuvumilia, hita isiyofaa kupelekwa Kigezi, yaani milima ya Kabale na Kisoro huku kusini-magharibi mwa Uganda. Anayetaka kujua sababu aendelee kusoma.

Tulikodi Entebbe, kwenye kampuni ndogo yenye Landkruza za mahema ya juu ya paa na kempa chache. Sisi tulichukua kempa: Hiace nyeupe ya paa refu iliyogeuzwa nyumba, ina kitanda, jiko la gesi, sinki, friji ya betri na paneli ya sola juu. Shilingi 380,000 kwa siku bila dereva, mafuta juu yako. Ilikuwa mwezi wa saba, shule zikikaribia kufungwa, na tulikuwa mimi, mke wangu na kitinda mimba wetu.

Mtaniuliza kwa nini mtu akodi nyumba ya magurudumu wakati Kabale kuna vyumba vya bei nafuu kila kona. Jibu ni ukwe. Wakwe zangu wako Kisoro, na mimi nililelewa kwamba mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Miaka yote nimekuwa nikienda kusalimia, nakula, halafu usiku naondoka kwenda gesti mjini huku wenyeji wamenuna. Na gesti ya Kisoro mwezi wa saba, watalii wa sokwe wakiwa wamejaa, si kitu cha kupata kirahisi. Safari hii niliegesha uani, nikalala uani, na heshima ya kila mtu ikabaki mahali pake. Kwa hilo peke yake kempa ilishalipa nusu ya gharama yake.

Safari ya kwenda ni ndefu, zaidi ya kilomita 400 mpaka Kabale. Hiace hiyo ni nzito kwa sababu ya makabati na tangi la maji, kwa hiyo usitegemee kukimbizana na mabasi ya Mbarara. Kwenye kizuizi kimoja cha polisi baada ya Masaka, afande alilizunguka gari lote, akachungulia dirishani, akaniuliza, "Mzee, mgonjwa yuko wapi?" Nikamwambia hii si ambulensi, afande, ni nyumba. Akataka aoneshwe jiko. Akaoneshwa jiko. Akatuachia, ila nadhani hakuamini sana.

Sasa baridi yenyewe. Ukipita mstari wa ikweta pale Kayabwe, watu wanapiga picha huku jasho linawatoka, hakuna kinachokuonya kwamba usiku utatafuta soksi. Lakini Entebbe iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko karibu na mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, na Juni na Julai, mbingu zikiwa wazi usiku, ardhi inapoa haraka. Kipimajoto changu asubuhi moja kwenye Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, kilisoma 9 nje na 13 ndani. Mtu wa Norway angecheka. Ila Mnorwe ana gari lililojazwa sponji na pamba ndani ya kuta. Letu lilikuwa limepambwa plaiwudi na kapeti juu ya bati tupu. Nilipogonga ukuta ulilia kama debe. Bati halizuii baridi, linaikaribisha.

Hita ndiyo iliyonifanya niandike. Hiace hizi hutoka Japani, na Wajapani hutengeneza matoleo ya mikoa yao ya baridi, yenye betri kubwa zaidi na hita ya pili huku nyuma. Yetu ilikuwa nayo. Inafanya kazi vizuri mno, lakini inatumia maji moto ya injini, maana yake ukizima injini imekwisha. Kwa usiku kuna hita nyingine ndogo chini ya kiti, inayochoma dizeli kwenye chumba chake kilichofungwa, moshi ukatoka nje kwa bomba, hewa moto ikaingia ndani. Kijana wa kampuni aliiwasha mbele yetu Entebbe. Ikaunguruma, ikatoa joto, tukaridhika.

Bunyonyi ilikuwa mambo mengine. Saa tatu usiku niliiwasha. Pampu yake ikaanza ile sauti yake ya tik, tik, tik, feni ikazunguka, halafu badala ya joto likaja harufu ya mafuta mabichi. Nikatoka na tochi: bomba la moshi chini ya gari lilikuwa linatoa moshi mweusi, na majani pale chini yameshapata masizi. Dakika chache baadaye taa ya kidhibiti ikaanza kumetameta, ikazima yenyewe. Nikampigia kijana. "Bosi, hapa kwetu inawaka vizuri tu," akaniambia. Na hakudanganya. Kwao inawaka vizuri.

Tatizo ni hewa. Juu mlimani hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo kwa kila pumzi ya feni, lakini pampu inaendelea kumimina dizeli ileile iliyopimwa kwa ajili ya bondeni. Mafuta yanazidi hewa, hayaungui yote, yanakuwa masizi, na masizi yanaziba chumba cha moto. Watengenezaji wengi wa hita hizi wanaandika wazi kwamba juu ya mita 1,500 zinahitaji kurekebishwa kama utakaa huko muda mrefu. Kabale na Kisoro ziko juu ya hapo. Kampuni inakodisha gari kwa watu wanaokwenda kuona sokwe kwenye hifadhi za Bwindi na Mgahinga, halafu hita yake imesetiwa kwa ufukwe wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko baridi yenyewe.

Fundi mmoja wa magari pale Kabale mjini, mzee mtaratibu sana, alinipa ushauri uliosaidia kidogo: usiiwashe kwa moto mdogo usiku kucha, iwashe kwa nguvu yote nusu saa kabla ya kulala, kisha izime. Moto mkali unachoma masizi, moto mdogo unayakusanya. Akaongeza kwamba hita hizi zinapoanza kuwaka zinavuta umeme mwingi ili kupasha plagi yake, kwa hiyo betri ikiwa imechoka inagoma hata kama dizeli ipo. Alikuwa amegusa penyewe. Bunyonyi asubuhi ukungu unakaa juu ya maji mpaka saa nne, sola haipati kitu, na friji imekula betri usiku kucha. Friji! Kwenye baridi ile! Tukaizima, maziwa tukayaweka nje chini ya gari ndani ya ndoo yenye mfuniko, yakakaa salama kabisa.

Kitu kilichotutoa jasho zaidi ni unyevu. Watu watatu wakipumua ndani ya sanduku la bati usiku kucha wanatoa maji mengi, zaidi ya nusu lita, na maji hayo lazima yatue mahali. Yalitua kwenye vioo, kwenye dari, kwenye vichwa vya skrubu ambavyo viliota matone kimoja kimoja. Na yalitua chini ya godoro, kwa sababu godoro limelazwa moja kwa moja juu ya plaiwudi bila upenyo wa hewa. Asubuhi ya pili niliinua kona yake nikakuta ubao umelowa na harufu ya uvundo imeanza. Mtoto alikuwa ameshaanza kukohoa.

Dawa yake tuliipata sokoni Kisoro: mikeka ya mafunjo. Ile minene, ya kienyeji, ambayo kina mama wanaikunja na kuisimamisha kando ya mafungu ya viazi. Bua la funjo ndani ni sponji yenye hewa tele, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia baridi. Tukaweka miwili chini ya godoro, mmoja tukaukata kwa kisu kufuata umbo la vioo vya mbele. Tofauti ilikuwa kubwa usiku uleule. Ubao ukabaki mkavu. Pamoja na hilo tuliacha tundu la dari wazi kiasi cha vidole viwili na dirisha moja la nyuma limeachwa kidogo. Mke wangu alibisha, akasema tunapasha joto Kisoro nzima, lakini hewa kavu yenye ubaridi kidogo inalalika kuliko hewa ya uvuguvugu iliyolowa. Asubuhi akakubali, kwa shingo upande.

Mlinzi wa kambi pale Bunyonyi, kwa nia njema kabisa, alituletea sigiri yenye makaa mekundu na kutuambia tuiingize ndani tufunge milango. Nilimshukuru, tukaotea nje. Makaa yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na hapa kwetu watu wamelala na sigiri chumbani wasiamke. Kwenye gari dogo hivi ni hatari zaidi. Kinachoshangaza ni kwamba kempa yenye hita ya dizeli na jiko la gesi haikuwa na king'ora cha kugundua hewa hiyo. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinabandikwa ukutani, kinatumia betri. Kampuni ya kukodisha haina kisingizio.

Jiko la gesi sina malalamiko nalo, ila mjue kwamba kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Chai inatoka. Maharage ni adhabu. Mtungi wa kilo 6 utakwisha kabla hayajaiva. Tulikula viazi vya Kabale, kamba wa ziwani pale Bunyonyi, na roleksi za barabarani, zile chapati za kukunjia mayai. Usiku tulikuwa tunachemsha maji tunajaza chupa za plastiki ngumu, tunazifunga kwa taulo na kuziweka miguuni. Hiyo ndiyo hita iliyofanya kazi kila usiku bila kumetameta.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimetazama video nyingi za Wazungu wanaoishi kwenye kempa wakati wa theluji. Nusu ya ushauri wao hautuhusu. Wanahangaika mabomba ya maji yasigande, wanamwaga dawa ya kuzuia barafu kwenye tangi la maji machafu, wananunua dizeli ya majira ya baridi kwa sababu ya kawaida inaganda kama samli. Sisi theluji yetu iko Rwenzori, na huko gari halifiki. Ila nusu nyingine, ya kuziba vioo, kuinua godoro na kuacha tundu la hewa, inafaa Kabale kama inavyofaa kwao, na hakuna aliyetuambia pale Entebbe.

Uendeshaji: lami ya Kabale kwenda Kisoro ni nzuri, lakini kona zake ni za kuheshimu, hasa unapopita msitu wa Echuya na kushuka Kanaba. Tulipita ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutoona lori lililo mbele. Kioo kikifunga mvuke, washa kiyoyozi pamoja na hewa moto, kwa pamoja. Kiyoyozi kinakausha hewa, joto linafukuza umande. Kushuka tumia gia, usikalie breki, kwa sababu gari hili limebeba nyumba. Ukungu ukifunguka pale Kanaba utaiona milima mitatu kwa mpigo, Muhabura wa mita 4,127 ukiwa upande mmoja, Gahinga katikati, na Sabinyo ambako Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Tulisimama. Mtoto akauliza kama juu kule kuna hita.

Kisoro tulikaa raha. Kiswahili kinatembea mjini kwa sababu ya wafanyabiashara wa Bunagana, mpakani na Kongo, majirani wakawa wanakuja kuangalia gari, na mama mkwe mwenyewe akaja jioni moja, akasimama nje umbali wa adabu, akasema kwa mke wangu ili mimi nisikie, "Mwambie mwenzio hilo blanketi ni jepesi." Likaja blanketi lingine.

Tuliporudisha gari, walitaka kukata shilingi 150,000 kwenye amana yetu kwa ajili ya kusafisha masizi kwenye bomba la hita. Nikawaonesha video ya moshi na saa niliyowapigia simu. Meneja akatazama, akakwaruza kichwa, akarudisha amana yote. Akasema hita itapelekwa kwa fundi. Mikeka nimewaachia. Kwa yeyote atakayelikodi gari hilo kwenda kusini-magharibi: waulize kama hita imerekebishwa kwa ajili ya milimani, na wakisema ndiyo, waulize waliijaribia wapi.