Mashine tatu za kusafisha hewa katika chumba cha mama, Tabora

Mama yangu alikausha tumbaku kwenye mabani ya Urambo kwa zaidi ya miaka ishirini, akichochea moto usiku kucha. Alipohamia kwangu hapa Tabora mjini, Kiloleni, alikuja na mikeka miwili, kuku watatu na kifua kinachopiga filimbi. Pampu yake ya pumu haikai mbali na mto. Wanaoishi huku wanajua kiangazi chetu: kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, unapangusa meza asubuhi na kabla ya saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake. Tena kila alfajiri majirani hufagia majani ya miembe na kuyachoma. Mtaa mzima unaamka na moshi.

Katika miezi kumi na minne nimejaribu mashine tatu chumbani kwake. Nilinunua pia kipimo kidogo cha kuhesabu chembe za PM2.5, yaani zile zenye upana wa mikroni 2.5 kushuka chini (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zinazopenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Ningekinunua hicho kwanza kabla ya mashine yoyote, ningeokoa pesa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Chumba cha mama jioni ya kawaida kilikuwa kinasoma kati ya 60 na 90. Asubuhi ya kuchoma majani kilivuka 200.

Ya kwanza ilikuwa mashine ya ioni. Shilingi 65,000, haina filta ya kubadilisha, haina kelele, na muuzaji aliisifia kana kwamba anaoza binti. Kazi yake ni kuzipa chembe za hewani chaji ya umeme ili zishikamane na kitu chochote kilicho karibu: ukuta, pazia, chandarua. Hapo ndipo penye tatizo. Uchafu hauondoki chumbani, unahama tu kutoka hewani kwenda ukutani, na ukipangusa vibaya unarudi ulikotoka. Baada ya wiki tatu ukuta nyuma ya mashine ulikuwa na duara jeusi. Mama akaniuliza nani anawasha kibatari chumbani kwake.

Kipimo kilishuka, ndiyo, lakini kutoka 80 hadi 60 hivi, basi. Kilichonifanya niichomoe ni harufu. Ilikuwa ile harufu kali inayobaki hewani baada ya radi kupiga, na hiyo ni ozoni. Ozoni iliyo juu angani inatukinga na jua, lakini ukiivuta inachubua njia za hewa, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia. Jimbo la California kule Marekani haliruhusu kuuzwa kisafisha hewa cha nyumbani kinachotoa ozoni zaidi ya sehemu 0.050 kwa milioni. Mashine yangu haikuwa na maandishi yoyote kuhusu jambo hilo. Kikohozi cha mama cha usiku kiliongezeka wiki zile. Siwezi kuapa kwamba ni mashine, ila nilipoizima sikuiwasha tena. Ukiona kisafisha hewa kinanadiwa kwamba "kinatoa hewa safi ya ozoni", hizo ni habari mbaya zilizovikwa kilemba.

Ya pili niliiunda mwenyewe. Mwaka 2020 Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walileta wazo la kufunga filta nne kuzunguka feni na kupata kisafisha hewa cha bei ndogo. Filta kubwa wanazotumia wao sikuziona hapa mjini, kwa hiyo nilikwenda maduka ya spea nikanunua filta za AC ya gari, zile za karatasi iliyokunjwakunjwa. Fundi seremala akanitengenezea boksi la plaiwudi, juu tukaweka feni ya mezani, mianya yote tukaziba kwa gundi ya mkanda. Jumla ilifika kama 110,000 pamoja na soda ya fundi.

Kwa vumbi, boksi lile lilinishangaza. Filta zilikuwa kahawia ndani ya mwezi, na meza ya mama ilikaa siku mbili bila kuandikika. Kwa moshi lilikuwa dhaifu: chembe za moshi ni ndogo mno kwa filta za gari, na kipimo kiligoma kushuka chini ya 40. Halafu feni ya mezani haikuundwa kuvuta hewa kupitia karatasi nzito. Mota ilikuwa inapata moto, nami sikuwa na ujasiri wa kuiacha ikizunguka mama akiwa amelala. Mchana nikiwepo, sawa. Sasa liko sebuleni na linaendelea na kazi.

Ya tatu ndiyo iliyobaki chumbani: mashine ya filta ya HEPA, 420,000, kutoka Kariakoo kwa basi. Wengi hudhani HEPA ni chujio kama la chai, kwamba kinachozidi tundu kinakwama. Sivyo. Ni msitu wa nyuzi. Chembe kubwa hugonga nyuzi kwa uzito wake, na zile ndogo kabisa huyumbayumba hewani kama mlevi mpaka ziguse uzi na kunasa. Zinazosumbua ni za katikati, karibu mikroni 0.3, ndiyo maana filta hupimwa kwa saizi hiyo ngumu. Ya daraja la H13 hunasa angalau asilimia 99.95. Angalia maandishi ya boksi vizuri: "mfano wa HEPA" au "aina ya HEPA" si HEPA.

Namba nyingine ya kutazama ni CADR, ujazo wa hewa safi kwa saa. Yangu ni mita za ujazo 200. Chumba cha mama ni mita 3.5 kwa 3.5, na urefu wa 3 kwenda juu, karibu mita za ujazo 37, kwa hiyo hewa yote inapita kwenye filta mara tano na zaidi kwa saa. Hesabu hiyo ni ya mwendo wa juu kabisa, ambao mama anasema unanguruma kama lori la magogo. Mwendo wa usiku ni wa kimya lakini hausafishi sana. Tumepatana: saa moja ya mwendo wa juu akiwa bado anakula, kisha wa kati mpaka asubuhi. Dirisha likiwa limefungwa, kipimo hushuka kutoka 80 hadi chini ya 10 ndani ya nusu saa. Umeme si wa kutisha, wati 45 kwenye mwendo wa juu, haifiki nusu yuniti kwa usiku mzima.

Kufunga chumba ndiko kulikotutoa jasho. Madirisha yetu ni ya luva na juu kuna matundu ya hewa. Mashine ilikuwa inasafisha Kiloleni nzima. Tulipitisha sponji kwenye luva na kuweka kitambaa chini ya mlango.

Mashine hiyo ya HEPA pia ina kitufe cha taa ya UV, yaani mionzi ya urujuanimno, ya bluu, nzuri kuitazama. Mionzi ya UV-C huua vijidudu ikiwamulika kwa muda wa kutosha, lakini hewa inapita mbele ya kitaa hicho kufumba na kufumbua, na vumbi halina uhai wa kuuawa. Nimekizima. Ina pia karatasi nyembamba ya mkaa ulioamilishwa kwa ajili ya harufu. Hapa nilicheka: Tabora mkaa unatutia moshi, kisha tunanunua mkaa utusafishe. Ulidumu kama miezi miwili, ukajaa, harufu ya vitunguu ikarudi.

Mwezi wa tatu dada anayetusaidia kazi aliona filta imekuwa kahawia, akaiosha kwa sabuni ya unga na kuianika juani pamoja na mashuka. Nia yake ilikuwa njema. Ilikauka vizuri, ikarudi kwenye mashine, na kipimo hakikushuka chini ya 35 tena, kwa sababu maji huharibu mpangilio wa zile nyuzi. Kinachosafishwa ni wavu wa nje tu; sisi tunaupiga brashi kila Jumamosi. Filta mpya ilikuwa 95,000. Kijitabu kinasema hudumu miezi sita hadi kumi na miwili. Kwa vumbi letu nahesabu minne ya kiangazi.

Kuna jambo ambalo hakuna mashine kati ya hizi tatu iliyoliweza. Wakati wa baridi ya Julai mama alizoea kuingiza jiko la mkaa chumbani "lipoe poe". Gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka humo haina rangi wala harufu, na inapita kwenye HEPA kama maji kwenye wavu wa samaki. Kipimo changu hakiioni kabisa. Kinaweza kusoma 8 huku mtu anakufa. Baada ya kuziba luva na matundu, hatari hiyo niliikuza kwa mikono yangu mwenyewe. Jiko sasa haliruhusiwi kuvuka kizingiti, nami nilimnunulia blanketi zito.

Oktoba hii tumeshindana upya. Joto limepanda na mama hataki dirisha kufungwa. "Mwanangu, nilale ndani ya kopo?" Kwa hiyo hulala luva zikiwa wazi mpaka alfajiri, kisha mimi huamka saa kumi na moja, kabla ya fagio la kwanza kusikika nje, nafunga na kuweka mwendo wa lori.