Simu kukosa mtandao baada ya kusasishwa: uweke upya mtandao au ufute simu yote?

Simu ikiandika "Hakuna huduma" baada ya kusasishwa, usikimbilie kwa mafundi wa simu wa Mwanjelwa, Mbeya, ikafutwe yote. Piga kwanza *#06#: namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yako) isipotokea, tafuta fundi mwenye vifaa.

Ikitokea, weka upya mipangilio ya mtandao. Zitapotea nywila za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha; picha na meseji zinabaki. Mimi naanza na hii kila mara.

Kufuta simu yote kunaondoa kila kitu, na wala hakurudishi toleo la zamani la programu. Kasoro ikiwa kwenye sasisho lenyewe, umepoteza picha za harusi ya Tukuyu bure! Nakubali tu kama picha na namba zimeshahifadhiwa kwingine, na laini imejaribiwa kwenye simu nyingine ikashika.