Uzoefu wangu: kuchora mistari ya majira kwa PROJ na QGIS

Projeksheni ni njia ya kuitandaza dunia kwenye ramani bapa. Ile ya Mercator hunyoosha mstari wa majira, yaani njia inayoshika nyuzi zilezile za dira mwanzo hadi mwisho, lakini huvuruga umbali. Projeksheni ya Karl Siemon ya mwaka 1935, ambayo Waldo Tobler aliifikia upya mwaka 1966, huhifadhi vyote viwili: mstari ulionyooka na urefu wa kweli. Sharti ni moja, mstari uanzie kwenye kitovu cha ramani. Ndani ya PROJ, programu ya bure ya kugeuza koordineti, inaitwa loxim.

Kitovu kikiwa Mombasa, naandika hivi (lat_1 ni latitudo ya kitovu, lon_0 ni longitudo yake, R ni nusu kipenyo cha dunia kwa mita):

+proj=loxim +lat_1=-4.05 +lon_0=39.67 +R=6371000 +units=m +no_defs

QGIS 3, programu ya kuchora ramani, huyapokea maandishi hayo kama projeksheni ya mtumiaji. Kabla ya kuchora chochote, zipitishe koordineti za Mombasa yenyewe kwenye PROJ. Lazima itoke 0, 0. Ikijitokeza kilomita 450 kusini, umeandika lat_0 badala ya lat_1. Programu hailalamiki, inachukua ikweta na kuendelea. Kisha jaribu Mumbai: 72.83 18.95, longitudo kwanza. Napata x kilomita 3,631 na y 2,557, yaani safari ya kilomita 4,441 kwa majira ya nyuzi 54.8 kutoka kaskazini ya kweli, si ya sumaku. Ukiacha +R, PROJ hutumia nusu kipenyo cha mita 6,378,137 na safari hiyo hurefuka kwa takriban kilomita 5.

Kipimo cha QGIS kiweke kwenye hesabu bapa. Cha ellipsoidi, yaani cha umbo la dunia lililobonyea kidogo, hupima njia fupi zaidi, si majira. Na usiuamini mstari wa nukta mbili, kwa sababu QGIS hugeuza nukta tu, hivyo huonekana umenyooka katika projeksheni yoyote. Uchore katika loxim, uongezee nukta kila kilomita 50, ndipo uuhamishie kwenye Mercator yenye +R ileile. Ukinyooka na huko, ni majira kweli. Mstari wa Muscat hadi Mumbai kwenye ramani hii hauanzii kwenye kitovu, hivyo si majira, hata uonekane umenyooka namna gani.

Kinachosumbua zaidi ni ukingo. Kwa kitovu hiki ramani hukatika longitudo 140.33 magharibi, na Alaska na Kanada hugeuka michirizi inayovuka ukurasa mzima. Toa kwanza ukanda mwembamba, -140.34 hadi -140.32, kwenye safu (layer) ya nchi ikiwa bado katika nyuzi za latitudo na longitudo.