Miezi 14 na Hilux ya 3L: kazini Moshi mjini, Jumamosi tela la mabua

Nilikuwa na Vitz. Kwa safari ya Machame hadi ofisini Moshi mjini ilinitosha kabisa. Shida ilikuwa ng'ombe. Huku kwetu hawachungwi, wanaletewa chakula bandani, na watu wakishavuna mahindi kule chini Boma Ng'ombe inabidi upandishe mabua kabla wengine hawajayamaliza. Misimu miwili nililipia Canter ya watu. Wa tatu nikauza Vitz, nikaanza kutafuta pikapu ya dizeli inayoweza kuvuta tela.

Nikaipata Arusha: Toyota Hilux ya miaka ya 1990, modeli LN106, dabo kabini, fo-wili, injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu) yenye cc 2,779, haina tabo wala umeme mwingi. Namba A, za usajili wa zamani. Yaani mikono iliyoipitia hata muuzaji haijui yote. Alitaka milioni 15, tukaelewana 13.

Siku ya kwanza nilifika saa nne asubuhi. Dalali ananiambia, "Bosi, hii ukigusa ufunguo tu." Nikagusa boneti kwanza. Ya moto. Gari ya dizeli ikishapashwa inawaka hata kama ni mgonjwa, kwa hiyo nikaaga, nikalala kwa shemeji Sakina. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa getini na fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji Unga Limited. Aliniomba kitu kimoja tu: nisiongee.

Ikawashwa ikiwa baridi. Ikakohoa mara moja, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukakata. Injini ikiendelea kuunguruma, mzee akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini na kukilaza juu ya tundu lake. "Ikipumua kikaruka, tunaondoka." Kikatetemeka, hakikuruka, yaani injini haijachoka ndani. Akamulika namba ya injini na kuilinganisha na kadi. Halafu akazima, akakaa kwa dereva, akageuza ufunguo bila kuwasha na kuanza kuhesabu taa za dashibodi kwa kidole.

"Mwanangu, T-BELT iko wapi?"

Ukigeuza ufunguo bila kuwasha, taa zote huwaka kujijaribu; hapa ziliwaka zote isipokuwa hiyo. Ukiwa unaendesha, kwenye hizi injini inawaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi. Mtu aliona balbu ni nafuu kuliko mkanda, akaichomoa! Mkanda ukikatika ukiwa barabarani, valvu zinakutana na pistoni, na hapo ni kushusha injini. Tulipunguziwa laki nne palepale. Mkanda mpya na roli yake vilifungwa Unga Limited kabla gari haijaiona barabara ya Moshi.

Karatasi sitaziongelea sana. Kadi ilikuwa na jina la mtu wa tatu, nikakataa kutoa hela mpaka huyo mtu aje mwenyewe asaini. Nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, zikatoka tatu za elfu 30 kila moja. Muuzaji akalipa huku amenuna.

Kosa langu ni kwamba tuliikagua ikiwa imesimama, halafu tukaijaribu tupu. Safari ya pili ya mabua, tumeacha lami kuu pale njia panda ya Machame na kuanza kupanda, mshale wa joto nao ukaanza kupanda na sisi. Nikaegesha. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na feni ilikuwa inazunguka kivivu hata injini ikiwa imechemka; ile klachi yake, inayoishika izunguke kwa nguvu injini ikipata moto, ilikuwa imechoka. Hizi 3L zinavumilia mengi, ila ukiendelea kuziendesha zikichemka unapasua silinda hedi. Nilikaa pale saa nzima na ng'ombe wanaochungwa kule chini wakija kula mzigo wangu kwenye tela. Rejeta na klachi ya feni vilinila laki tano na nusu. Tangu hapo napanda na gia ya pili, tela limejaa, na mshale hausogei.

Kushuka ndiko kunataka akili. Tela langu halina breki zake, kwa hiyo gia niliyopandia ndiyo ninayoshukia. Vijana wanaoshuka kwa breki tupu utasikia harufu yao kabla hawajakufikia.

Dizeli: ikiwa tupu napata kilomita 9 hadi 10 kwa lita, na tela lenye mzigo 6. Vitz ilinipa 16. Kwa hiyo kama shida yako ni kwenda kazini tu, usiuze kagari kako kwa ajili ya hii. Barabarani ni nzito, daladala zote zinakupita, na Julai asubuhi Machame unasubiri taa ya njano ya hita plagi, zile zinazopasha injini kabla ya kuwasha, izime ukiwa umejikunja ndani ya koti. Lakini nozeli na pampu yake kila fundi wa Moshi anazijua, na spea zipo, mpya na za mtumba. Rafiki yangu ana pikapu mpya zaidi, ya nozeli za kompyuta, inakwenda kama mshale. Juzi ameambiwa bei ya nozeli nne, kaja kuniazima Hilux.

Kioo cha abiria bado nakipandisha kwa mikono miwili. Balbu ya T-BELT nilirudisha, elfu mbili.