Pepaminti ya Kariakoo, chupa ya kwanza nimepigwa

Jamani nimenunua mafuta ya pepaminti Kariakoo, kachupa ka mililita 10, elfu nane, muuzaji ananiapia dada hii ori ya India. Nafika home nadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kesho yake doa bado lipo kama karatasi ya chapati, wakati yale halisi ya kukamuliwa kwa mvuke yanaruka karibu yote. Wamechanganya na mafuta ya kula hao!

Nikahamia duka la mtaa wa pili, elfu kumi na tano, aisee kufungua tu pua imezibuka, na joto hili nikatia matone mawili kwenye mafuta ya nazi nikapaka shingoni, baridiii, hadi kwenye daladala nikasahau nimesimama. Ila msipake makavu, mie nilijaribu ngozi ikawaka. Kifuniko chao nacho kinavuja, pochi lote linanukia bigijii.