Mitumba ya Machinga Complex, Dodoma: nguo za kupandia Hanang bila kuloa jasho

Kama unajiandaa kupanda Mlima Hanang kipupwe hiki, usikimbilie jaketi nene la sponji. Nenda kwanza soko la wazi la Machinga, Barabara ya Bahi, uingie upande wa mitumba umuulizie mama anayeuza nguo za baridi tu. Naongoza vikundi vya wapanda milima kutoka hapa Dodoma na nguo zangu za mlimani nanunua kwake. Inaniuma kuona mtu anatoa laki nzima kwa jaketi moja, halafu nusu saa baada ya kuanza safari amelivua na analibeba mkononi kutwa.

Baridi ya Hanang ni ya kweli. Kilele kiko mita 3,417, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6. Lakini kinachowatesa watu ni jasho. Mnatoka Katesh alfajiri meno yanagongana, kila mtu kajifunika hadi masikio. Njia ya Jorodom inapanda moja kwa moja, na kabla jua halijakolea migongo yote imeloa. Ukiwa unatembea hujali. Ukifika juu kwenye ukingo wa mlima, ukasimama unywe maji, upepo unakukuta na fulana ya pamba iliyojaa jasho. Pamba hunywa maji na kukaa nayo, na maji yale yakianza kukauka yanaondoka na joto la mwili wako. Wengi ninaowaona wakitetemeka kule juu walivaa nguo nyingi mno asubuhi.

Kwa hiyo tafuta nguo tatu nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine, na kwa mama huyu zote zinapatikana.

Ya kwanza ni fulana ya kugusa ngozi, ya mikono mirefu. Zile za polista za mazoezi nilizichukua kwa buku nne nne. Hazinywi jasho, zinalitoa nje likakauke. Belo likiwa zuri unaweza kuotea fulana nyembamba ya sufu ya merino. Hiyo usiiache. Sufu hata ikiloa bado inakutunzia joto, na haishiki harufu upesi. Vibanda vingine huzitupa kwenye lundo la sagulasagula kwa sababu kwa macho zinaonekana zimechoka, ila huyu mama husoma lebo na kuzitenga.

Ya pili ni sweta laini la manyoya ya polista, jepesi, lenye zipu kuanzia kifuani hadi shingoni. Zipu hiyo ni muhimu kuliko unene. Ukianza kupata joto unaishusha huku unatembea, bila kuvua begi wala kuwasimamisha wenzako. Nililipa buku nane.

Ya tatu, jaketi la kuzuia upepo na mvua, ndiyo yenye mitego, na hapa ndipo mama alipopata heshima yangu. Nilikuwa nimeshika moja la kijani, zuri kwa nje, nataka kutoa hela. Akanizuia: "Mwanangu, hilo ligeuze kwanza." Akaligeuza ndani nje, akasugua mshono wa bega kwa kidole gumba. Utando wa ndani ukaachia ungaunga mweupe, na ile tepu inayoziba mshono ikaanza kunyanyuka. Jaketi la hivyo mvua ya Hanang inapita kama kwenye chekecheke. Akatoa jingine la rangi ya udongo, akadondoshea maji ya kunywa kutoka kwenye chupa yake. Matone yakasimama begani, yakateleza hadi chini. Lina zipu za kwapani za kutolea joto. Elfu ishirini na tano, na sikuomba apunguze.

Namna ya kuvaa nawaambia hivi wote ninaowaongoza: anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Fulana na sweta vinatosha, jaketi likae juu kabisa ndani ya begi. Mkisimama kupumzika, livae pale pale, usisubiri baridi ikuanze. Mkiondoka, livue.

Shemeji yangu ananunua kwa mama huyo huyo lakini kwa mahesabu mengine. Yeye ni mfuata nyayo katika pori la akiba la Rungwa, na msimu wa uwindaji wa kitalii huanza Julai. Alfajiri anasimama nyuma ya Landcruiser ya wazi, upepo unachoma. Saa nne wako chini kwa miguu, jua kali, wanafuata nyati. Jaketi la nailoni linachakarisha kwenye vichaka, mnyama anasikia, kwa hiyo analiacha garini na kubaki na sweta. Rangi pia anachagua: bluu na nyeusi hazigusi, kwa sababu zinavuta mbung'o, hata mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Na tafadhali, kwenye mabelo ya nguo za uwindaji huja makoti ya mabakamabaka. Mengine ni imara kweli, yanatamanisha. Yaache. Raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, na JWTZ ilishatoa onyo mwaka 2023.

Kasoro za kibanda zipo. Suruali za kukauka haraka ni adimu, na zikipatikana kiuno ni kikubwa, utahitaji fundi. Glavu hana kabisa. Hakuna sehemu ya kujaribia, kwa hiyo vaa fulana nyembamba ujaribishie juu yake. Na ukishaondoka na nguo hakuna kurudisha, kwa hiyo fungua na kufunga kila zipu ukiwa pale pale.

Ukifika nyumbani fua kila kitu kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida. Maji ya moto yanaisinyaza sufu hadi inakuwa ya mtoto, na dawa ya kulainishia nguo inaiharibu ile polista, haitoi tena jasho. Anika kivulini.